Mzani wa malori na jedwali la mtandaoni: kutuma moja kwa moja, kupitia foleni, au kutumia programu iliyo tayari?

Mwana_Kampemba

Ndugu zangu, hamjambo. Ninahudumia mitambo ya depo moja ya bunga hapa Lubumbashi, ambayo hupokea malori yanayotoka Kasumbalesa. Lori la tani 30 hupimwa likiingia na kupimwa tena likitoka, na katikati yake makarani huandika mstari mmoja kwa kila magunia 50 yanayoshushwa. Kwa kuwa gunia ni la kilo 25, lori moja hutoa mistari 24 ya magunia na 2 ya mzani, yaani siku ya malori 12 tunafikisha mistari 312. Mwenye depo anataka kuiona yote kwenye simu yake, katika jedwali la Google Sheets, kabla dereva hajaruhusiwa kutoka getini.

Kwa sasa kuna Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo) kando ya mzani, na skripti ya Python inayotuma kila mstari peke yake kwa njia ya append, yaani amri ya kuongeza mstari mwishoni mwa jedwali, mara tu unapoandikwa. Kwa siku za kawaida inatosha. Juma lililopita mtandao ulikatika tangu asubuhi hadi karibu jioni, na uliporudi skripti ikajaribu kutuma mistari yote iliyobaki kwa mkupuo mmoja. Mistari 60 ilipita, iliyofuata ikajibiwa kosa 429 (maombi yamezidi kiwango), na skripti (niliyoiandika mimi mwenyewe, sina wa kumlaumu) ikaihesabu kuwa imekwisha kutumwa. Tulikesha na makarani tukisoma vikaratasi vya mzani kimoja kimoja.

Ninaona njia tatu: kubaki na utumaji wa moja kwa moja nikiongeza kurudia pale inaposhindikana, kuweka foleni kwenye diski, yaani mistari isubiri humo hadi itumwe, na kutuma kwa mafungu, au kuachana na skripti yangu na kutumia programu ya kusafirisha data iliyo tayari, kama Fluent Bit. Wenye uzoefu mnanishauri nini?

Yaya_Kamalondo

Namba 60 uliyoiona si bahati mbaya, ndugu. Google Sheets inaruhusu maombi 60 ya kuandika kwa dakika kwa mtumiaji mmoja katika mradi, na 300 kwa mradi mzima. Kinachohesabiwa ni ombi, si mistari iliyomo ndani yake. Ukifunga mistari 100 katika ombi moja, siku yako nzima ya mistari 312 ni maombi 4 tu, na hutaonana na 429 tena.

Kwa hiyo mimi niko upande wa foleni. Mstari uandikwe kwanza katika SQLite, hifadhidata ndogo ya faili moja, kwenye diski, ukiwa na safu inayosema umetumwa au bado. Skripti ya pili, isiyohusiana kabisa na mzani, iamke kila dakika, ichukue mistari ambayo haijatumwa, iitume kwa fungu, na ibadilishe alama baada tu ya kupokea jibu la 200 (ombi limefaulu). Ikipokea 429 au kosa la familia ya 500 (hitilafu upande wa seva), isubiri sekunde 1, kisha 2, kisha 4, hadi 64, ikiongeza kila mara sehemu ya sekunde ya kubahatisha. Mzani utaendelea kupima hata mtandao ukilala siku mbili.

Fundi_Ruashi

Sioni sababu ya kuandika upya kitu ambacho watu wamekwisha kukiandika vizuri. Fluent Bit ni nyepesi, inatosha kwenye Raspberry Pi, na ukiweka mpangilio wake wa storage.type kuwa filesystem inahifadhi foleni kwenye diski. Jambo moja tu la kuangalia ni Retry_Limit, kikomo cha kurudia kutuma: isipoguswa, fungu hurudiwa mara moja tu kisha hutupwa, na kwa mtandao wetu huu hiyo ni sawa na kumwaga bunga barabarani. Mimi huweka no_limits, yaani bila kikomo.

Yaya_Kamalondo

Fundi, kwa kutuma kwenye seva yako mwenyewe nakubaliana nawe. Kwa Google Sheets kuna shida ya ufunguo: tokeni ya kuingilia hufa baada ya saa moja, na sehemu ya kawaida ya HTTP ya Fluent Bit haijui kujitengenezea nyingine ya API hiyo, yaani mlango ambao programu hutumia kuingia Google Sheets. Wengi hukwepa kwa kuweka Apps Script, skripti inayoendeshwa na Google yenyewe, katikati, nami nilifanya hivyo zamani. Apps Script hujibu kwa kukuelekeza kwenye anwani nyingine, jambo ambalo si kila programu inalifuata. Na skripti yako uliyoiweka humo ikigundua kosa haina namna ya kurudisha namba ya kosa kama 429 au 500. Unaweza kupokea jibu zuri kabisa huku hakuna hata mstari mmoja ulioandikwa. Kwa hesabu ya tani, jibu la namna hiyo ni baya kuliko kutojibiwa.

Fundi_Ruashi

Hilo la namba ya kosa sikulijua. Basi iwe Fluent Bit kwa kumbukumbu za mashine, na foleni ya SQLite kwa mzani.

MamaJedwali

Mimi ni mhasibu, si mtu wa mitambo, lakini ndiye ninayeletewa majedwali haya mwisho wa mwezi, kwa hiyo niruhusuni.

Kwanza, angalieni namna namba zinavyotumwa. Depo niliyofanyia kazi ilikuwa na jedwali lililowekwa kwa Kifaransa, kama mengi ya hapa kwetu, na uzito ulitumwa kama maandishi: 28.45, kwa nukta. Jedwali la Kifaransa linatarajia koma. Macho yalikuwa yanaona tani, lakini jumla chini ya safu ilikuwa sifuri. Uzito utoke kwenye skripti ukiwa namba halisi, si maneno yanayofanana na namba. Kinyume chake kilitokea kwa simu za madereva. Skripti ilitumia mpangilio wa USER_ENTERED, ambao husoma kila kitu kana kwamba mtu amekichapa kwa mkono, na namba zilizoanza kwa 0 zikapoteza sifuri, na za Zambia zilizoanza kwa +260 zikapoteza alama ya kujumlisha. Tumieni RAW, ambayo huacha kila kitu kama kilivyotumwa.

Pili, mbona hakuna aliyetaja Airtable, huduma nyingine ya majedwali ya mtandaoni? Ina njia ya kusasisha mstari ikiwa upo na kuuongeza ikiwa haupo, kwa kulinganisha safu mnayoichagua.

Yaya_Kamalondo

Umesema kweli, Mama, na kwa jambo hilo Airtable imeizidi Google Sheets. Inapokea rekodi 10 kwa ombi na maombi 5 kwa sekunde, yanayotosha kabisa. Kikwazo ni bei: ngazi ya bure inaishia rekodi 1,000, na ndugu yetu atazimaliza siku ya nne. Google Sheets inabeba seli milioni 10. Kwa safu 14 na mistari 312 kwa siku, hiyo ni zaidi ya siku 2,200 za kazi, ingawa simu ya mwenye depo itachoka mapema zaidi. Afadhali jedwali jipya kila mwezi.

Mwana_Kampemba

Asanteni. Nimeweka foleni, na usiku wa kwanza tu nikapigiwa simu: lori moja limeonekana mara mbili, tani 28 juu ya tani 28, na mwenye depo anauliza lile la pili liko wapi. Nimefuatilia. Ombi lilifika Google na likaandikwa, lakini mtandao ulikatika kabla jibu halijarudi, kwa hiyo skripti ikalituma upya.

Yaya_Kamalondo

Hapo ndipo append inapowaangusha watu. Kila inapoitwa huongeza mstari mwingine chini, na haina namna ya kujua kwamba ombi hili ndilo lile la dakika iliyopita.

Acha append. SQLite inampa kila mstari namba yake. Mstari wa namba 57 uandikwe daima katika safu mlalo ya 58 ya jedwali, kwa kuwa ya kwanza ni ya vichwa. Tumia values.batchUpdate, inayobeba sehemu nyingi katika ombi moja. Ukirudia kutuma mara kumi, utakuwa umeandika juu ya mahali palepale. Kwa akaunti, tumia akaunti ya huduma (akaunti ya Google ya programu, si ya mtu) na uipe anwani yake ya barua pepe haki ya kuhariri jedwali, la sivyo utapata 403 (huna ruhusa). Usitumie ruhusa ya mtu binafsi kwenye programu iliyo bado katika hali ya majaribio, kwa sababu tokeni yake ya kuombea tokeni mpya (refresh token) hufa baada ya siku 7.

MamaJedwali

Na siku patroni atakapobonyeza kupanga kwa alfabeti ya madereva? Kila mstari utahama, na skripti itaandika lori la leo juu ya lori la jana. Karatasi ya skripti ifungwe, asiiguse mtu yeyote isipokuwa akaunti ya huduma. Watu wapewe karatasi ya pili inayosoma kutoka ya kwanza kwa fomula ya QUERY, waipambe watakavyo.

Kijana_Katuba

Yaya zangu, naomba kuongeza moja. Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri. Umeme ukikatika na mashine ikawaka bila mtandao, huanza na saa ya zamani, na malori ya jioni yanaandikwa kuwa ya asubuhi. Saa ikikosea sana, hata Google hukataa tokeni ya akaunti ya huduma. Kipande cha DS3231, saa ndogo yenye betri yake, kinatatua hilo. Pia hakikisha unabadilisha saa ya UTC (saa ya kimataifa) kuwa ya Lubumbashi kwa kuongeza saa 2, la sivyo lori lililopimwa saa 7 usiku litahesabiwa kuwa la siku iliyotangulia.

Mwana_Kampemba

Nimefuata yote: foleni, batchUpdate, karatasi iliyofungwa, DS3231. Siku tatu zilipita bila neno, hata umeme ulipokatika mara mbili. Siku ya nne utumaji ukasimama kabisa kwa kosa 400 (ombi lisilokubalika). Kumbe karatasi mpya huja na mistari 1,000 tu, na batchUpdate, tofauti na append, haiongezi mistari yenyewe. Kwa hiyo ile 1,000 ya Airtable niliyoikimbia ikanikuta huku. Nimeongeza mistari 10,000 kwa mkono, foleni ikajimwaga kwa maombi mawili, na hakuna lori lililokosekana. Sasa ninaandika sehemu itakayofungua karatasi ya mwezi ujao ikiwa na mistari yake tayari kabla ya tarehe 1.