Mama ana kisukari, zabibu zimeiva, friji hakuna: nimrudishie nini na kwa kipimo gani?

Chilonwa_Juu

Mbukwenyi wakuu. Bi mkubwa ana miaka 63, kisukari aina ya pili, anachoma insulini ya mchanganyiko (ya haraka na ya polepole pamoja) uniti 20 asubuhi na 10 jioni. Yuko kijijini, wilaya ya Chamwino. Umeme ni wa sola, taa mbili na kuchaji simu, basi. Tangu aanze sindano nyumba nzima tumegeuka askari: zabibu marufuku, chai marufuku, shambani asiende, barazani kwenye bao asikae. Ana dawa, ana mashine ya kupimia, lakini siku zake zimebaki za kuangalia ukuta.

Sitafuti mizizi wala mtu wa kumponya. Nauliza mambo manne. Insulini iliyofunguliwa niihifadhi vipi bila friji, maana Oktoba bati linawaka? Zabibu anaweza kula ngapi? Ugali wa uwele na mlenda vikoje? Na kutembea shambani au kwa jirani, nichunge nini?

Mtungi_Baridi

La kwanza nalijibu mimi. Ukikosea hapo, hesabu zote za chakula zitakudanganya, kwa sababu insulini iliyopigwa joto haibadiliki rangi. Utaona tu sukari inapanda na utamlaumu mama kwamba amekula kwa siri.

Kichupa kipya ambacho hakijafunguliwa kinataka nyuzi 2 hadi 8. Mtungi wa udongo unaopoza kwa maji hautafika huko, usijidanganye. Akiba iache kwenye friji ya zahanati au ya mtu unayemwamini, uwe unachukua kichupa kimoja kimoja. Kilichofunguliwa kinavumilia nje ya friji kama siku 28 mradi joto lisizidi nyuzi 25 hadi 30, kutegemea aina (soma karatasi ya ndani ya boksi). Hapo ndipo mtungi una kazi.

Tafuta vyungu viwili vya udongo visivyopakwa rangi wala vanishi. Rangi inaziba vitundu, chungu hakitoi jasho, na kisipotoa jasho hakipoi. Kidogo kiingie ndani ya kikubwa na pembeni ibaki nafasi ya vidole viwili hadi vitatu. Mwaga mchanga wa mtoni chini, kama sentimita tano, midomo ya vyungu ilingane. Jaza mchanga pembeni kote, mwagia maji mpaka uwe mweusi lakini usiogelee. Ndani ya chungu kidogo hauweki maji. Weka kopo la plastiki lenye mfuniko, kichupa kikae humo, la sivyo unyevu utabandua lebo na hutajua tena kipi ni kipi. Funika juu kwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa.

Maji mwagia asubuhi na jioni. Oktoba na Novemba ongeza na saa saba mchana.

Mahali pa kuweka ndipo wengi wanapokosea: wanaficha mtungi chumbani, dirisha limefungwa. Kinachopoza ni upepo kubeba unyevu, kwa hiyo weka kwenye kivuli penye upepo, juu ya kigoda au mafiga, mbali na mbuzi na watoto. Dodoma tuna bahati ya hewa kavu, mtungi unashusha nyuzi kadhaa chini ya joto la kivulini. Januari na Februari mvua zikinyesha, hewa ina unyevu, utaona haupoi kama zamani. Si kwamba umeharibika. Nunua kipimajoto kidogo cha friji chenye waya, kichwa cha waya kikae ndani ya kopo. Bila hicho unabahatisha.

Na tarehe. Siku anayofungua, bandika plasta kwenye kichupa uandike tarehe. Kichupa cha mililita 10 kina uniti 1,000. Kwa uniti 30 kwa siku, siku 28 anatumia 840. Zile 160 zinazobaki zinauma kuzitupa, najua, ila zitupe. Hiyo ya mchanganyiko huwa nyeupe kama maziwa: izungushe taratibu kati ya viganja mara kumi mpaka iwe sare, usiitikise kama dawa ya kikohozi. Ukiona madonge, au weupe umeganda kwenye kioo kama barafu, haifai. Vilevile iliyowahi kuganda kwenye friza haifai hata ikiyeyuka ikaonekana nzima.

Jikoni_Majengo

Zabibu ale. Mtu aishi Dodoma msimu wa zabibu halafu anyimwe zabibu, hiyo ni adhabu ya kesi gani?

Kipimo: punje 15 hadi 17 za wastani, kama gramu 85 au 90, zina kama gramu 15 za wanga, karibu wote sukari. Zikiwa kubwa za mezani, 10 hadi 12 zinatosha. Zile za mvinyo, Makutupora nyekundu na wenzake, zikiiva sawasawa huwa tamu zaidi, kwa hiyo shikilia 15 na ziwe ndogo. Zihesabu zikiwa bado kwenye kikonyo, umkatie kishada chake kwa mkasi umwekee kwenye kibakuli. Mtu akila kutoka kwenye sinia la familia hakuna anayehesabu, hata wewe huwezi. Zabibu kavu ni vijiko viwili vya mezani tu, maji yametoka lakini sukari imebaki yote. Juisi ya zabibu sahau kwa raha ya kawaida, nusu glasi ndogo tayari ni sawa na kishada kile na wala hajatafuna kitu.

Ale mwisho wa mlo, siyo peke yake saa nne asubuhi tumbo likiwa tupu. Na ugali upungue kidogo siku hiyo, kama robo, kwa sababu hesabu ni ya sahani nzima. Halafu pima kabla ya kula na saa mbili baada ya kuanza kula. Wengi wanalenga isizidi 10 (mmol/L, namba ya kwenye mashine), ila fuata namba waliyowapa kliniki. Ikipanda zaidi ya 3 kutoka pale ilipokuwa, kesho punguza punje au ugali. Fanya hivyo siku tatu nne, andika kwenye daftari, utaujua mwili wa mama na utaacha kuchoma vidole ovyo. Stripu, vile vijikaratasi vya kupimia, si bure.

Sasa sikiliza hili, maana limewahi kupeleka watu hospitali bure: anawe mikono kwa maji na sabuni kabla ya kupima, akauke. Kidole kilichochambua zabibu kina sukari yake. Tone la damu likipita hapo mashine inasoma 17, wakati damuni ni 8. Spiriti pekee haiondoi utomvu vizuri. Na achome pembeni ya ncha ya kidole, si katikati, katikati ndiko anakoshikia sindano ya kushonea na chumvi ya mboga.

Ubuyu: unga wenyewe, ule mweupe mkavu, uloweke, kamua, kunywa bila sukari au na kidogo sana. Zile pipi nyekundu za ubuyu ni sukari iliyovaa ubuyu. Chai: toa nusu kijiko kila wiki, usimkate ghafla, ulimi unazoea ndani ya mwezi. Tangawizi na mchaichai vinasaidia kusahau. Asali ni sukari, tusibishane.

Chilonwa_Juu

Asanteni sana. Mkuu Mtungi, maji ya kisima chetu yana chumvi, ndoo zote zinabaki na ukoko mweupe. Mtungi hautaziba? Na Jikoni, hujagusa uwele na mlenda, na ndivyo anavyokula kila siku. Huku wanasema ugali wa uwele hauna sukari ale ashibe.

Mtungi_Baridi

Utaziba. Chumvi inabaki nje maji yakipaa, baada ya wiki kadhaa utaona ukungu mweupe kwenye chungu cha nje. Sugua kwa brashi ya makumbi na maji matupu, sabuni usitie. Mchanga utoe kila mwezi, uuoshe kwa maji ya mvua kama yapo, uanike, urudishe. Ukiona chungu kikavu kwa nje wakati mchanga umelowa, ndiyo ishara.

Jikoni_Majengo

Ugali wa uwele ni wanga. Wa mtama ni wanga. Dona ni wanga. Usiokobolewa unapanda taratibu kidogo kwa sababu ya pumba, faida yake ni hiyo, lakini "ale ashibe" ndiyo inayoangusha watu. Ngumi yake moja, ngumi ya mama, siyo ya kaka yenu anayebeba magunia. Uji ni mbaya zaidi kwa maana ya mwendo: umelainika, haukai tumboni, sukari inaruka. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Huyu muulizeni, tena muulizeni ni kikombe cha ngapi.

Mlenda ni rafiki yake. Wanga kidogo, unateremsha ugali kidogo ukaonekana mwingi, na nusu ya sahani ikiwa mlenda na mboga nyingine hakuna shida. Shida ni magadi. Magadi ni sodiamu kama chumvi, na wenye kisukari wengi wana presha pia. Upike bila magadi: maji yachemke kwanza, nyunyiza unga wa mlenda mkavu huku unapekecha kwa upekecho bila kuacha, moto mdogo. Hautavutika kama wa bibi, lakini ukiongeza kijiko kimoja cha mezani cha karanga zilizotwangwa na nyanya, hataulizia. Ukimwaga unga wote kwa mpigo utapata madonge, usiniite.

Jambo la mwisho, na hili ni la sindano zaidi ya jikoni. Insulini ya mchanganyiko ya kawaida huchomwa kama nusu saa kabla ya kula. Achome ugali ukiwa umeshapikwa, siyo kuni zikiwa bado mbichi. Umechoma, moto umegoma, mama anatetemeka: ndiyo ajali ya kila siku ya vijijini.

Bonde_la_Zuzu

Kwa sukari ikishuka zabibu si ndiyo dawa? Zipo hapo hapo mkononi.

Jikoni_Majengo

Zitasaidia ila zinachelewa, ana kazi ya kutafuna na maganda yanakawiza. Na anayetetemeka anaweza kupaliwa na punje. Ikiwa chini ya 4, au ana dalili na mashine haipo karibu: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, au nusu chupa ndogo ya soda ya kawaida. Soda isiyo na sukari haifanyi lolote. Subiri dakika 15, pima tena, bado iko chini rudia. Ikipanda ndipo ale chakula. Akiwa amezimia usimmiminie kitu mdomoni, mlaze ubavu na mwende kituo cha afya haraka.

Katambuga

Nimebakiziwa miguu. Shambani aende. Kutembea dakika 10 hadi 15 baada ya mlo kunashusha sukari, na kupalilia ni mazoezi kamili. Ila ale kwanza, mfukoni awe na sukari kwenye karatasi ya nailoni, na siku ya jembe asichome pajani: mguu ukifanya kazi, insulini inaingia damuni haraka kuliko ilivyokusudiwa. Tumboni ni salama zaidi. Aondoke saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu awe kivulini.

Adui wa huku ni mbigili. Inapita kandambili kama siagi, na mwenye ganzi ya nyayo hasikii. Anatembea nayo siku nzima, jioni ndipo unaona damu. Yeboyebo zina vitundu, vumbi na kokoto vinaingia vinasaga kidole. Katambuga za tairi soli yake mbigili haipiti, lakini ingiza mkono ndani upapase vichwa vya misumari, fundi avigonge vizuri na aweke ngozi juu yake. Bora zaidi ni viatu vya kufunika, vyenye nafasi mbele, na soksi za pamba zisizobana. Kila akivaa, apige kiatu chini kwanza. Nge hawaulizi.

Jioni anawe miguu maji ya vuguvugu, ajaribu kwa kiwiko au mtoto ajaribu, akaushe katikati ya vidole. Mafuta apake juu na chini, katikati ya vidole asipake, unyevu huo unaleta fangasi. Kioo cha mfukoni kiwekwe sakafuni, asimamishe mguu juu yake aone unyayo. Juni na Julai usiku baridi inauma, kila mtu anasogeza miguu kwenye jiko la mkaa. Yeye asisogeze, atababuka bila kujua. Avae soksi. Kidonda kisichoanza kufunga ndani ya siku mbili, au kilichovimba na kunuka, ni cha kituo cha afya siku hiyo hiyo, siyo cha majivu.

Bao acheze mpaka ashinde. Kila nusu saa asimame, azunguke nyumba mara moja. Wenzake wakimwambia anakimbia kufungwa, awaachie kete zilivyo, wamsubiri. Wakiwa na pombe ya mtama au mvinyo, akionja aonje na chakula tumboni: ini likishughulika na pombe linaacha kutoa sukari, na kushuka kwenyewe huja saa nane usiku akiwa amelala.

Chilonwa_Juu

Nimenakili yote kwenye daftari lake. Vyungu nanunua Jumamosi. Swali la mwisho: kishada chake nikimkatia punje 15, akila nane mchana na saba jioni?

Jikoni_Majengo

Ruksa. Zote baada ya mlo, na anawe mikono.