Kila nikipima naambiwa UTI, dawa nameza ila usaha haukati. Tatizo ni nini wakuu?

Kijana wa Igoma

Wakuu habari za humu. Mimi mwanaume, miaka 27, niko Mwanza. Ni hivi, kuna kipindi nilianza kusikia mkojo unachoma hasa asubuhi, baadae nikaona kuna kitu cha njano kinatoka, yani ukiamka unakuta boksa ina doa limekauka. Nikaenda duka la dawa la mtaani, jamaa hata hakuniuliza mengi akanipa sipro (vidonge vya antibayotiki, siprofloksasini), nikameza ikapungua nikajua imeisha. Ikarudi. Nikaenda zahanati wakachukua mkojo, majibu yakasema chembe za usaha zipo nyingi, nikaambiwa una UTI kunywa maji ya kutosha, nikapewa sipro tena na flaji (metronidazoli) juu. Ikatulia, sasa imerudi na safari hii korodani moja inauma kwa mbali. Mchumba wangu hana dalili yoyote, anasema yuko freshi kabisa, kwahiyo sidhani kama ni mambo ya zinaa. Mtu wa kazini kaniambia hiyo ni UTI sugu nitafute sindano za siku tano. Naombeni ushauri, hela inaisha na tatizo liko palepale. Matusi hapana.

Mla Senene

Mkuu UTI gani inayopaka boksa rangi? Hiyo ni gono hiyo. Nenda hospitali acha kuzunguka na maduka ya dawa.

Tiba za Bibi

Chukua kitunguu saumu, tangawizi na ndimu, saga, chemsha kidogo, kunywa kikombe asubuhi na jioni wiki mbili. Inasafisha njia yote ya mkojo, mimi nimesaidia watu wengi.

Tabibu wa Zamu

Kitunguu saumu weka kwenye mchuzi. Gono haitibiwi na kitunguu, na huyu ndugu ameshapoteza muda wa kutosha.

Mdogo wangu wa Igoma soma taratibu. Mwanaume wa umri wako ambaye hana sukari, hana mawe kwenye figo na hajawekewa mpira wa mkojo, kupata UTI ya kawaida ni nadra. Wanawake ndo inawapata sana kwa sababu mrija wao wa mkojo ni mfupi na upo karibu na haja kubwa, wale bakteria wa utumbo wanaoitwa E. koli wanavuka kirahisi. Kijana akija kwangu mkojo unachoma na uume unatoa usaha, mawazo yangu yanaenda kwanza kwenye kisonono, ndo hiyo gono, na klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa. Kisonono huwa kinajitokeza haraka, mara nyingi siku 2 hadi 5 baada ya tendo, usaha mzito wa njano au kijani. Klamidia inachelewa wiki 1 hadi 3, ute wake mwepesi mweupe, wengine hawaoni kitu kabisa. Na mtu anaweza kuwa nazo zote mbili kwa pamoja, ndo maana tunatibu zote mbili bila kusubiri.

Sasa kile cheti chako cha majibu ya mkojo. Chembe za usaha kwenye mkojo zinasema tu kuna uvimbe mahali fulani kwenye hiyo njia, hazisemi nani kausababisha. Gono inazileta, klamidia inazileta, hata kichocho kinaweza. Mtu anaona namba imepanda anaandika UTI, mgonjwa anaondoka na vidonge, na hakuna aliyemwambia hebu vua tuone. Hili linanikera kuliko maelezo, maana kumkagua mgonjwa hakuhitaji umeme wala mashine.

Kuhusu sipro: gono imeizoea siku nyingi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 liliacha kupendekeza dawa za kundi hilo kwa kisonono. Inaweza kukutuliza kidogo halafu mdudu anabaki. Siku hizi tunategemea sindano ya seftriaksoni, mara nyingi dozi moja tu ya kwenye msuli, pamoja na vidonge vya doksi (doksisaikilini) vya miligramu 100 asubuhi na jioni siku 7 kwa ajili ya klamidia. Ila wewe umesema korodani inauma, maana yake huenda maambukizi yamepanda juu, hapo doksi huwa inaenda siku 10 na lazima mtu akuguse akuangalie. Usiende kujinunulia. Na maumivu ya korodani yakija ghafla na makali, labda na kutapika, usisubiri kesho, korodani inaweza kuwa imejinyonga, yani imejisokota damu haifiki, na una masaa machache tu kabla haijafa.

Huyo mchumba kuwa freshi sio kipimo. Wanawake wengi wenye gono au klamidia hawasikii kitu, inakaa kimya inapanda kwenye mirija ya uzazi, siku akitafuta mtoto ndo mnajua.

Dada wa Chemba Namba 3

Niko maabara, naongezea. Kama mnatafuta UTI ya kweli mkojo unaotakiwa ni wa katikati, unajisafisha kwanza, unaacha wa mwanzo uende, unakinga unaofuata, na uletwe ndani ya masaa 2 maana ukikaa kwenye joto bakteria wanazaliana humo humo kopoani tunasoma uongo. Tukiuotesha, yani tukiwakuza hao bakteria maabara, majibu yanachukua siku 2 au 3 lakini unajua mdudu ni nani na dawa gani inamuua. Kwa gono na klamidia ni kinyume, tunataka ule wa mwanzo kabisa na uwe umekaa angalau lisaa bila kukojoa. Mashine ya GeneXpert ile ya kifua kikuu inaweza kuzipima kama kituo kina katriji zake, yani vile vikasha vya kipimo, vingi havina. Hata hivyo usaha tu ukipakwa kwenye kioo na kuangaliwa na hadubini, kwa mwanaume gono huwa inaonekana vizuri. Nenda kabla hujameza kitu kingine.

Mama Wawili

Na sisi wanawake tunateswa na hiyo hiyo UTI, kila muwasho UTI. Mimi nilikuwa natoka uchafu wenye harufu ya samaki, nameza dawa za UTI mpaka mdomo unachacha, kumbe ni bakteria wa ukeni wamevurugika, flaji ya wiki moja ikamaliza. Ukiona mzito kama mtindi na unawasha sana hiyo fangasi, dawa yake nyingine kabisa. Wajawazito jamani msijinunulie, doksi na sipro sio za kwetu.

Halafu wewe uko Mwanza, uliwahi kuogelea kwenye mabwawa au madimbwi? Kaka yangu alikuwa anakojoa damu mwishoni mwa mkojo, akatibiwa gono mpaka akagombana na mkewe, ilikuwa kichocho. Prazikwanteli ikamponya.

Tabibu wa Zamu

Mama Wawili umenena, damu mwishoni mwa mkojo kanda ya ziwa na pwani lazima kichocho kipimwe. Usaha kwenye boksa lakini sio kichocho.

Kijana wa Igoma

Asanteni sana, damu hamna. Kesho asubuhi naenda hospitali ya wilaya. Sasa mchumba namwambiaje? Akisikia zinaa atajua nilichepuka, na mimi nitaanza kumuwaza yeye.

Tabibu wa Zamu

Klamidia inaweza kukaa mwilini miezi mingi bila kelele, kwahiyo hakuna anayejua nani kaileta na lini, inawezekana ilikuwepo kabla hamjajuana. Mwambie dokta kasema tutibiwe wote, usiongeze hotuba. Mkishindwa kuongea nyumbani mlete kituoni, hiyo kazi tunaifanya kila siku. Mpimwe wote kaswende na VVU hapohapo, mtumie dawa kwa pamoja, na hakuna tendo mpaka wote mmalize dozi, wiki nzima ipite na dalili ziwe zimekwisha. Akitibiwa mmoja mnarudishiana tu, na utarudi humu kutuuliza tena.

Mla Senene

Na bia je? Maana kesho kutwa kuna mechi.

Tabibu wa Zamu

Akipewa flaji asiguse. Angalia mechi na soda.