Kiti cha mtoto kwenye gari: sheria itulazimishe, au tuendelee kupakata?

Mtoa mada, Iringa mjini

Habari za leo wote. Kamwene kwa wa Iringa na Njombe, ugonile kwa wa Rungwe na Kyela.

Naleta swali ambalo tunaligusa kila ajali inapotokea, kisha matanga yakiisha tunalisahau. Je, tuwe na sheria inayomlazimisha mwenye gari dogo kumfunga mtoto kwenye kiti chake, kama dereva anavyolazimishwa kufunga mkanda? Mimi nasema ndiyo. Najua wengi mtapinga, na sababu zenu nyingi nazijua kwa kuwa nilikuwa nazo mwenyewe hadi mwaka juzi.

Tulikuwa tunatoka Iringa kwenda Mbeya msibani. Mume wangu anaendesha, mimi kiti cha mbele, binti yetu wa miezi kumi nimempakata, amelala. Tukiwa tunashuka Inyala, lori lililokuwa mbele likasimama ghafla. Mume wangu akakanyaga breki. Hatukugonga kitu, gari halikupata hata mkwaruzo. Lakini mtoto alinichomoka mikononi kama sabuni, akagonga mdomo kwenye dashibodi na kuangukia miguuni pangu. Nilikuwa nimemshika kwa mikono miwili, macho nimefungua, mkanda wangu nimefunga. Alishonwa nyuzi mbili siku hiyohiyo. Kovu lipo hadi leo, kila akicheka naliona.

Na hiyo ilikuwa breki tu. Gari likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, ile 50 ya vibao vya vijijini ambako trafiki wanatusubiri na tochi za kupimia mwendo, likigonga na kusimama ndani ya nusu mita, mtoto wa kilo 10 anakuvuta kama mzigo wa karibu kilo 200. Magunia mawili ya mahindi. Nani hapa ataweza kuyadaka? Mwendo huohuo ni sawa na kudondoka kutoka mita 10 hivi, yaani ghorofa ya tatu. Hakuna mama anayemrusha mwanawe ghorofani kwa imani kwamba atamdaka.

Magari yetu mengi, IST, Passo, Probox, Noah, yametoka Japani. Huko, tangu Aprili 2000, mtoto wa chini ya miaka 6 kwenye gari binafsi lazima akae kwenye kiti cha watoto. Gari likishavuka bahari na kupakuliwa Dar es Salaam, mtoto anahamia mapajani. Chuma ni kilekile. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2018 iliiweka Tanzania miongoni mwa nchi zisizo na sheria ya kitaifa ya viti vya watoto. Wakati huohuo, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani inaeleza kuwa kiti kikitumika vizuri hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 71 kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja, na asilimia 54 kwa wa mwaka mmoja hadi minne.

Ninachopendekeza: tuanze na magari binafsi. Kabla ya faini yoyote, VAT ya asilimia 18 iondolewe kwenye viti hivi, na wazazi wapewe muda wa kujipanga. Mnasemaje?

Mzee wa Mafinga

Binti yangu, pole kwa yaliyokukuta. Ila mimi nimelea watoto sita. Walisafiri nyuma ya pikapu juu ya mbao, Mafinga hadi Makambako, na wote leo ni watu wazima wenye familia zao. Mtoto salama yake ni kwa mama yake. Ukimfunga kwenye kiti peke yake huko nyuma atalia hadi Igawa, na dereva anayesikia mtoto analia haendeshi vizuri. Hizi sheria za kukopi kwa wenzetu zitaishia kuwa njia nyingine ya kumtoa mwananchi pesa barabarani.

Mtoa mada

Shikamoo baba. Nashukuru Mungu kwamba wote sita walifika. Lakini tunaosimulia ni sisi tuliofika. Wapo wazazi ambao simulizi yao ni tofauti, na wengi wao hawapendi kuisimulia. Halafu barabara ya wakati ule siyo hii ya leo. Sasa hivi kati ya Makambako na Tunduma unapishana na malori ya Zambia na Kongo usiku na mchana, na breki zinapofeli kwenye mteremko wa Iwambi au Inyala lori halichagui.

Kuhusu kulia, ni kweli, wa kwangu alilia wiki ya kwanza. Nikawa nakaa nyuma pembeni yake, namshika mkono. Sasa akiona gari linawashwa anakimbilia kiti chake mwenyewe. Mtoto aliyezoeshwa mapajani atadai mapaja, na aliyezoeshwa kiti atadai kiti.

Hofu yako ya faini siipuuzi. Ndiyo maana nikasema kodi itangulie, muda utangulie, faini ije mwisho.

Dereva wa Noah, Makambako

Dada, mimi nakodisha gari, Makambako, Njombe, mara nyingine hadi Songea. Niambie: abiria anakuja na mtoto wa miaka miwili, mwingine na kichanga, mwingine na wawili wa shule. Nitembee na viti vinne vya saizi nne? Nitaviweka wapi, na watu watakaa wapi? Mzazi mwenyewe mtoto anampakata ili asilipe siti. Ukimwambia kiti cha mtoto ni siti nzima na nauli nzima, anashuka anapanda boda, yeye na mtoto mgongoni. Hapo sheria imemuokoa nani?

Na kiti kinafungwa na mkanda. Noah ngapi unazijua ambazo mikanda ya nyuma haijakatwa wala kufukiwa chini ya makava?

Mtoa mada

Kaka, hoja ya boda inaniuma kwa sababu ni kweli, na sina jibu la haraka. Ndiyo maana nimesema magari binafsi kwanza. Siwezi kudai kiti cha mtoto kwenye gari ambalo hata mkanda halina. Lakini mikanda kufukiwa chini ya makava ni kosa ambalo halihitaji fedha kulirekebisha. Unanyanyua kava, unaitoa. Tungeanzia hapo kwa magari ya abiria, na mabasi ya shule yawe ya kwanza. Ajali ya basi la shule kule Karatu, Mei 2017, iliondoka na wanafunzi 32, walimu wawili na dereva, lakini hadi leo naona Noah za shule zikipita hapa asubuhi watoto wamebanana, wawili kwenye siti moja, mwingine amesimama katikati ya viti.

Muuguzi, Mbeya

Nafanya kazi wodi ya wazazi, kituo sitakitaja. Kwa kiti niko na mtoa mada asilimia mia. Kwa sheria, hapana, bado.

Kila siku naruhusu akina mama kwenda nyumbani na vichanga. Wachache wanafuatwa na gari dogo. Wengi wanaondoka na bajaji, upepo wa Mbeya unapuliza pande zote, mama ameinamia mtoto. Tukitunga sheria ya viti, yule wa gari dogo atanunua kiti au atalipa faini, ana uwezo. Huyu wa bajaji atasikia redioni kwamba kubeba mtoto bila kiti ni kosa, na hataelewa kuwa haimhusu. Nawafahamu akina mama wangu. Kuna watakaojifungulia nyumbani kwa kuogopa tu safari ya kurudi. Mimi ningeanza na elimu kliniki, kwenye zile siku za chanjo ambazo wazazi wote wanakuja.

Na kuna jambo ambalo sisi wa nyanda za juu lazima tulijue kuliko wa Dar es Salaam. Juni na Julai mtoto wa Njombe au Makete anavalishwa sweta, juu yake jaketi nene, juu yake blanketi. Mzazi akimfunga hivyo, mikanda inabana jaketi, haimbani mtoto. Gari likigonga, ile pamba inasinyaa papo hapo, mkanda unabaki unaning'inia, mtoto anachomoka. Vua jaketi kwanza, funga mikanda hadi usiweze kufinya hata mkunjo mmoja wa mkanda begani, kisha ndipo umfunike na blanketi au umgeuzie jaketi mbele, mikono akiivaa kwa kinyume.

Mtoa mada

Dada muuguzi, hilo la jaketi sikulijua. Wa kwangu nimemfunga na jaketi majira yote ya baridi yaliyopita. Asante sana.

Umenigusa pia kwa mama wa bajaji. Nakubali sheria ikiandikwa ovyo itamtisha asiyehusika, kwa hiyo iandikwe wazi: gari binafsi lenye mikanda, basi. Ila elimu peke yake siiamini. Mkanda wa mbele tulielimishwa miaka mingi, na hapa Iringa watu walianza kuufunga trafiki walipoanza kuwasimamisha. Wengi bado wanaufunga wakikaribia kizuizi tu, lakini wanaufunga.

Muuza mitumba, Mwanjelwa

Hivi viti mimi nauza, vinakuja kimoja kimoja na mizigo ya vyombo vya watoto. Vinaanzia Sh 60,000 mpaka 150,000 kutegemea hali. Mnalalamika bei, ila watu wananunua ili mtoto akalie sebuleni akila uji. Niwaambie ukweli wa biashara: hakuna mteja aliyewahi kuniuliza kama kiti kimewahi kupata ajali. Wanauliza rangi, na kama kinafulika.

Mtoa mada

Ndugu yangu, umesema jambo kubwa kuliko unavyodhani. Mimi nilikuwa mteja wa aina hiyo. Kiti changu cha kwanza nilikinunua mtumba kwa sababu kilikuwa safi. Kilikuwa hakina lebo hata moja, na nilikaa nacho miezi mitatu mkanda wa gari nikiupitisha sehemu siyo. Kilikuwa kinayumba kama kigoda kibovu, nami nikaridhika kwamba mtoto ana kiti.

Sasa nikishika kiti nakigeuza kwanza. Natafuta lebo ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara. Ikiwa ni ya R44, kile kipimo cha usalama cha zamani, namba ya chini ianze na 04. Zinazoanza na 01 au 02 ni za zamani sana, Ulaya walizipiga marufuku tangu 2008. Ikiwa ni R129, hicho ni kipimo kipya kilichoanza 2013, kinapanga viti kwa urefu wa mtoto badala ya uzito na kimejaribiwa hata kwa kugongwa ubavuni. Vya Marekani havina hiyo E, vina karatasi yao inayotaja kipimo namba 213. Halafu natafuta tarehe ya kutengenezwa. Watengenezaji wengi huweka ukomo kati ya miaka 6 na 10, kwa sababu plastiki iliyokaa juani inakuwa kavu, inapasuka bila kuonyesha. Kiti kilichopitia ajali kinaweza kuwa na ufa ndani usioonekana, na ndiyo maana mtumba usio na historia ni bahati nasibu. Ukipata cha ndugu unayemwamini, anayejua kiti kimepitia wapi, ni bora mara kumi.

Kichanga kitazame nyuma. Kichwa chake ni kama robo ya urefu wake wote na shingo bado laini. Akitazama nyuma, mgongo mzima wa kiti unapokea kishindo badala ya shingo. R129 inataka hivyo angalau hadi miezi 15, na Waswidi huwaacha hivyo hadi karibu miaka minne. Na kiti hicho kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe siti ya mbele yenye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Ule ukifumuka unakipiga kiti mgongoni na kumuua mtoto ambaye ajali yenyewe isingemuua. Mimi nilikuwa nimempakata hapohapo mbele ya mfuko huo.

Mzee wa Mafinga

Sasa wajukuu wangu wako miaka saba na tisa. Na hao wakae kwenye viti vya watoto? Watachekwa.

Mtoa mada

Hao baba wanahitaji busta tu, kale kakiti ka chini kanakomwinua mtoto, na ndiyo aina ya bei nafuu kuliko zote. Mkanda wa gari umetengenezwa kwa mtu mzima. Kwa mtoto mfupi unapita shingoni na tumboni. Unatakiwa upite katikati ya bega na chini kwenye mifupa ya nyonga. Uingereza wanaweka kikomo cha sentimita 135 au miaka 12, kinachotangulia. Wapime mlangoni kwa penseli. Wakivuka alama, wameachana nacho.

Dereva wa Noah, Makambako

Dada, nimetoka nje kunyanyua makava. Siti ya kati, mikanda miwili ya pembeni ni mizima, ni ile ya bega na kiuno. Wa katikati ni wa kiuno tu. Nina mtoto wa mwaka mmoja na nusu, kilo 11, na shemeji yangu ana kiti kimekaa stoo Njombe, kina hiyo E na namba inaanza 04, imeandikwa kilo 9 hadi 18. Anasema hakijawahi kugongwa. Kikae wapi?

Mtoa mada

Pembeni, kaka, kwenye mkanda wa bega na kiuno, na iwe upande wa kushoto ili ukimshusha usisimame barabarani. Angalia kwanza tarehe kwenye plastiki ya chini. Kama muda upo, piga goti juu ya kiti unapouvuta mkanda, kisha kishike pale mkanda unapopita ukitikise. Kisisogee zaidi ya sentimita mbili na nusu. Ukikwama nitumie picha ya pembeni nione mkanda umepita wapi.