Mrejesho: nyuki wanaofukua ardhi huku Tucson

Wakuu, niliuliza kuhusu nyuki wa kijivu, wenye manyoya, wanaofukua mchanga huku Tucson, Arizona. Jibu limepatikana: ni Centris pallida, aliyeelezwa kisayansi na mtaalamu wa wadudu Fox mwaka 1899. Hawana mzinga wala malkia. Kila jike huchimba shimo lake na kuwawekea wanawe chakula peke yake. Huupenda sana mti wa paloverde, mti wa jangwani wenye maua ya manjano.

Kinachonisisimua zaidi: wale niliowaona wakifukua ni madume! Hutoka ardhini kabla ya majike, kisha hunusa jike ambaye bado yuko chini ya udongo, humfukua na kumpanda. Madume wakubwa hupigania shimo. Wadogo huvizia pembeni wakirukaruka.

Nimemwomba jirani asipulizie dawa. Madume hawana mwiba kabisa.