Yule bwana wa semina amenidhalilisha mbele ya ukumbi mzima, na jibu hana!

Wakuu, nimetoka ukumbini sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Mlioko Mbeya mnamjua, simtaji. Yule wa miwani kwenye paji la uso, anayetembea na projekta yake.

Eti makaa ya mawe ya Kiwira na Mchuchuma yachomwe tu kufua umeme, hewa ya ukaa itanaswa kwenye bomba la moshi, kwisha habari. Nikanyoosha mkono kwa adabu: "Mheshimiwa, nishati ya kuinasa inatoka wapi?" Akanijibu: "Kijana kaa chini, maswali ya mkaa waachie wachoma mahindi." Ukumbi ukalipuka! Hata dada wa kugawa maji alicheka mpaka chupa zikamponyoka.

Wachoma mahindi! Mimi!

Moshi wa makaa una hiyo gesi ya ukaa asilimia 12 hadi 15 hivi, sehemu kubwa iliyobaki ni nitrojeni. Dawa ya majimaji iitwayo amini inaikamata, sawa. Ila ili iiachie lazima ichemshwe hadi nyuzi 120 hivi, kwa mvuke ule ule uliotakiwa kuzungusha jenereta! Ni gigajuli 3 hadi 4 za joto kwa kila tani ya gesi inayonaswa. Bado kompresa za kuibana. Karibu robo ya umeme inaliwa humo humo. Kituo cha umeme wa makaa cha Boundary Dam kule Kanada, tangu waanze kunasa 2014, mtambo wa megawati 139 ukabaki na kama 110. Mradi mwingine wa kunasa, Petra Nova wa Texas, walijenga kabisa mtambo wa umeme wa gesi asilia pembeni ili kulisha mtambo wa kunasa. Mtu hayajui haya, halafu ananiambia mahindi, kipaza sauti kikiwa wazi!

Mzee wa Soweto: Pole mkuu. Si ndiye wewe uliyebeba sambusa kwenye mfuko wa laptop?

Binti Tukuyu: Kwetu Rungwe gesi hiyo inatoka ardhini yenyewe, inajazwa mitungi, inaenda kwenye soda. Mnachemsha nini?

Mleta uzi: Dada, ya Rungwe inatoka karibu safi. Ya moshi imechanganyika, kuitenganisha ndiko kunakokula nishati. Ndicho nilichouliza, nikaambiwa kaa chini! Kaa chini!

Mzee wa Soweto: Ungekaa tu, yaishe.

Mkinga Halisi: Kwani posho mmepewa? Mimi nadai ya mwaka jana.

Kalenga: Nyie mna bahati. Sisi Iringa tulipewa daftari na kalamu isiyoandika.

Binti Tukuyu: Kalamu afadhali. Mimi nilisainishwa karatasi mbili, hela nikaona moja.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye mada.

Mkinga Halisi: Karatasi mbili?? Dada njoo PM haraka, hata mimi nilisaini mbili.

Kalenga: Msijifiche PM, semeni hapa hapa. Mhasibu ni yule mnene au yule wa pikipiki?