Wakili mkubwa akiikosoa rasimu yako ukiwa fildi: ujibu palepale, unyamaze, umwombe muda au upeleke chuoni?

Binti Ngamiani

Wakuu habari za jioni, na shikamooni wote mnaostahili. Niko mwaka wa tatu wa sheria, fildi nafanyia kwenye ofisi ya mawakili hapa Tanga mjini. Naomba mnisaidie kupima, maana kila ninayemuuliza ananipa njia yake na kuniapia kuwa hakuna nyingine.

Nilipewa kuandaa rasimu ya hati ya kiapo ya mama mmoja anayeomba kuongezewa muda wa kukata rufaa kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu. Siku zake 45 zilimpita. (Vya kumtambulisha nimevibadilisha.) Rasimu imerudi imejaa kalamu nyekundu. Aya ya 7: "Hii ni hoja. Ondoa." Pembeni mwa aya ya 9, kati ya tarehe aliyopata nakala ya hukumu na tarehe ya kufungua maombi: "Siku hizi zimekwenda wapi?" Aya ya 11: "Alikwambia au umedhani?" Aya ya ugonjwa ameikata yote bila kuandika neno.

Hayo ningeyameza. Ila wakati ananirudishia alisema kwa sauti, karani yupo na wateja wako kwenye benchi: "Hivi huko chuo wanawafundisha nini siku hizi?" Nikasema "sawa mheshimiwa", nikaondoka.

Ninazozipima ni hizi: kujibu palepale ikitokea tena, kunyamaza, kurekebisha na kurudisha, kumwomba muda tuongee wawili, au nimwandikie WhatsApp, na ya mwisho kumweleza mwalimu msimamizi akija kutoka chuo kunikagua. Ninyi mngechukua ipi na kwa nini?

Lushoto Juu

Pole dada. Mimi nasoma Chuo cha Uongozi wa Mahakama hapa Lushoto na fildi nimefanyia mahakamani. Nyamaza, rekebisha, rudisha. Wakili ana mafaili mezani hadi yanamwangukia, hana nafasi ya kusikiliza umejisikiaje. Akiona rasimu ya pili imenyooka, maneno ya benchi yeye mwenyewe atayasahau.

Mwana wa Pangani

Sikubaliani na Lushoto Juu hata kidogo. Atasahau yeye, binti hatasahau. Kumsema mtu mbele ya wateja ni kumshusha, na wale wateja kesho hawatampa hata bahasha aipeleke ndani. Mimi ningejibu palepale kwa adabu: "Mheshimiwa, naomba tuongelee ndani." Maneno machache tu, wala si utovu wa nidhamu.

Mzee wa Masjala

Marahaba wanangu. Nimefanya kazi masjala ya mahakama mpaka nikastaafu, kwa hiyo nitasema ninachokijua, yaani karatasi.

Binti yangu, umepewa vitu viwili siku moja na umevibeba kwenye kapu moja. Kuna kalamu nyekundu, na kuna neno la benchi. Ile kalamu ni zawadi, nasema kwa moyo wote. Nimeona maombi mengi yakija kaunta yamepigwa chapa vizuri, yamelipiwa ada, halafu siku ya kusikilizwa wakili wa upande wa pili anasimama na pingamizi la awali kwamba hati ya kiapo ina kasoro. Maombi yanaondolewa. Mteja aliyetoka Handeni au Kilindi kwa nauli ya kukopa anatoka nje anauliza "tumeshinda?" Na muda aliokuwa anauombea unazidi kumkimbia. Swali la "siku hizi zimekwenda wapi" heri uulizwe na mkubwa wako ofisini kuliko jaji mahakamani.

Neno la benchi ni jambo jingine, na wala sikwambii ulimeze. Lakini usiliruhusu likufanye uichukie kalamu.

Wakili wa Raskazone

Nimechelewa, nilikuwa safarini Korogwe. Mimi ni wakili, na kila mwaka napokea wanafunzi wa fildi, kwa hiyo nakaa upande wa yule anayeshika kalamu nyekundu. Acha nianze na maandishi, kwa sababu njia ya kuchagua inategemea kila alama inasema nini.

Aya ya 7. Hati ya kiapo ni ushahidi wa maandishi. Inabeba mambo ambayo mwapaji anayajua au ameambiwa na mtu anayemtaja. Haibebi hoja za kisheria, maombi wala hitimisho. Kesi ambayo kila wakili Afrika Mashariki anaitaja hapa ni Uganda dhidi ya Commissioner of Prisons, Ex parte Matovu, ya 1966. Ukiandika "mleta maombi ana sababu za msingi kisheria", tayari umehutubia. Sasa tazama tatizo la kunyamaza na kufuta: utafuta aya ya 7 na hutajua ile hoja inahamia wapi. Inahamia kwenye hoja utakazotoa siku ya kusikilizwa, za mdomo au za maandishi. Hilo usipouliza utakuja kulijua umechelewa.

Aya ya 9 ndiyo moyo wa maombi yenu. Msimamo wa Mahakama ya Rufani uko wazi kwamba kila siku ya ucheleweshaji itolewe maelezo, hata ikiwa moja. Kasome kesi ya Lyamuya Construction, Maombi ya Madai Na. 2 ya 2010, uone vigezo: kueleza muda wote wa ucheleweshaji, ucheleweshaji usiwe wa kupindukia, mwombaji aoneshe bidii na si uzembe, na kama kuna suala la kisheria lenye uzito, kwa mfano uharamu katika uamuzi unaopingwa. Huyo msimamizi wako kwa maneno manne amekupa somo zima. Hapo hakuna cha kujibizana. Mwite mama, kaa naye na kalenda, muulize tarehe kwa tarehe: nakala ulichukua lini, nani alikupeleka, ulimpata wakili lini, nauli ulitoa wapi, ile wiki ulikuwa kwa nani.

Aya ya 11 inahusu uthibitisho. Mwapaji lazima atenganishe anayoyajua mwenyewe na aliyoambiwa, na kwa aliyoambiwa amtaje aliyemwambia. Kama wewe ndiye uliyejaza pengo kwa kudhani, unamwapisha mama wa watu kwa jambo asilolijua. Hilo lina uzito kuliko heshima yako na yangu pamoja.

Kwa hiyo njia yangu ni hii: andika upya kwanza, ndipo uombe muda. Usiende kuongea mikono mitupu. Ukienda na rasimu ya pili mezani mtaongea juu ya karatasi, na katika mazungumzo hayo ndipo utapata nafasi ya kusema, "Mheshimiwa, nashukuru kwa marekebisho. Ninaomba ikiwezekana ukinikosoa iwe ndani, nitajifunza vizuri zaidi." Wengi wetu tukiambiwa hivyo na mtu aliyeleta kazi nzuri, tunaona haya na tunajirekebisha.

Na wakati uchague. Asubuhi amevaa kola nyeupe anawahi kuitwa kwa shauri, usimguse. Mchana akisharudi, akishakula, mlango ukiwa wazi.

Mwana wa Pangani

Wakili, hapo nimekuelewa, narudi nyuma nusu hatua. Ila asiponyamazishwa mapema atazoea. Hiyo ya kujibu palepale bado naiweka ya pili, siitupi.

Wakili wa Raskazone

Iweke, lakini kwa neno la dharau tu. Kwa alama ya kalamu usiitumie. Ukibishana kuhusu aya ya 7 mbele ya wateja, wateja watakachoona ni ofisi isiyokubaliana yenyewe kwa yenyewe, na wao ndio wanaotulipa kwa kutuamini.

Mama Muheza

Mimi si mwanasheria, ni mwajiri, ila nimewahi kusimamia vijana wengi. WhatsApp hapana jamani. Mtu mzima akiandikiwa usiku ujumbe mrefu wa "umeniumiza", kesho hamtazamani. Na maandishi yanasambazwa.

Wakili wa Raskazone

Mama umenikumbusha jambo zito. Mwanafunzi wa fildi amefungwa na siri ya mteja kama sisi. Nimewaona vijana wanapiga picha ukurasa wenye kalamu nyekundu na kuutupa kwenye kundi la darasa, "jamani nisaidieni", na jina la mteja linaonekana. Binti amefanya vyema kubadilisha mambo hapa. Wengine igeni.

Lushoto Juu

Swali kwa wakili. Kuna alama nyingine si za sheria, ni za mazoea. Mimi niliandika "mwombaji", nikakatwa nikaandikiwa "mleta maombi". Nayo nikamuulize?

Wakili wa Raskazone

Hapana, hiyo fuata tu. Tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na wengi wetu tuliosoma na kufanya kazi kwa Kiingereza kila mmoja ana maneno yake aliyoyazoea. Hati itatoka na jina lake kwamba ndiye aliyeiandaa. Kwenye ladha, mwenye jina ndiye mwenye neno. Maswali yako yaweke kwa yale yanayogusa haki ya mteja.

Dada wa Chumbageni

Naona njia ya nne mmeiruka na mimi sitaki irukwe. Kwenda kwa mwalimu msimamizi wa chuo si usaliti. Kwa ukali wa kawaida, ndiyo, ni mapema mno, na mwalimu atakuuliza "umeongea naye?" Lakini ikiwa "njoo tuonane jioni nikusainie daftari lako la mafunzo", hapo usirekebishe rasimu, usiombe muda, usikae naye chumba kimoja. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Unaenda chuo na unaenda TAKUKURU. Nimelisema kwa sababu wadogo zetu wengi wanaambiwa "vumilia, ndiyo fildi", na wanavumilia visivyovumilika. Ukali wa kalamu na hilo havikai fungu moja.

Mzee wa Masjala

Umesema kweli binti yangu. Asante kulisema.

Binti Ngamiani

Asanteni sana wote. Dada wa Chumbageni, kwangu hakuna hilo kabisa, ni ukali tu, na kusema haki huyu wakili hukaa mpaka jioni kuwasaidia watu wasio na kitu.

Nimempigia mama leo, kumbe kwenye zile siku za aya ya 9 alikuwa anakwenda na kurudi barazani kufuatilia nakala ya mwenendo wa shauri (kumbukumbu za kesi), na barua ya kuiomba ina mhuri wa kupokelewa. Mimi sikumuuliza. Hiyo naiweka na barua inakuwa kielelezo.

Limebaki moja. Aya ya ugonjwa aliyoikata, naona amekosea. Mama alilazwa kweli. Nafuata tu kama "mleta maombi", au nasema?

Wakili wa Raskazone

Hii inagusa haki ya mteja, kwa hiyo sema. Ila jiulize kwanza kwa nini ameikata. Ulikuwa umeambatanisha karatasi yoyote ya hospitali?

Binti Ngamiani

Hapana. Mama anasema kadi ya kuruhusiwa iko kwa mwanawe.

Wakili wa Raskazone

Basi aliyekata hajakosea, amekata neno tupu. Ipate kadi, uone tarehe zinaangukia ndani ya muda wa ucheleweshaji au nje. Zikiwa nje, aya haina kazi, iache ilivyokatwa. Zikiwa ndani, irudishe aya, taja kadi kama kielelezo, na ingia TanzLII, ile tovuti ya hukumu za mahakama zetu, utafute uamuzi mmoja wa Mahakama ya Rufani unaoukubali ugonjwa kuwa sababu nzuri. Mmoja tu, uusome wote, usinukuu kichwa cha habari. Mpelekee vyote pamoja na useme, "Mheshimiwa, aya hii niliomba uitazame tena, sasa ina kadi." Ukimpa maoni yako atakukatalia. Ukimpa kadi na uamuzi, ataisoma.

Mwana wa Pangani

Na lile neno la benchi atalisema lini?

Wakili wa Raskazone

Baada ya aya ya ugonjwa, kabla hajainuka.

Binti Ngamiani

Nimeelewa. Kadi inakuja kesho na basi la asubuhi, mchana naingia kwake.

Mzee wa Masjala

Kabla hujaingia, fungua ukurasa wa mwisho utazame sehemu ya kamishna wa viapo. Mahali na tarehe ya kuapa viwe na nafasi ya kujazwa, na jina la mwapaji lifanane herufi kwa herufi na lile la kwenye hukumu ya baraza. Pale kaunta ndipo tulipokuwa tunaanza kutazama.