Ulinganisho: buti za Australia – Blundstone, R.M. Williams au ugg? Asili, ushonaji na uimara

Mkaguzi wa Soli
Wakuu, mtu akitaja mavazi ya Australia, buti tatu hazikosi: Blundstone, R.M. Williams na ile ugg ya ngozi ya kondoo. Naomba tuzilinganishe. Kila moja ilianzia wapi, imeshonwaje, na huwa inaharibikia wapi? Matumizi ni kutembea mjini na kazi ya kusimama kutwa, kwa anayeishi Melbourne, ambako mwezi wa saba ndio baridi yenyewe.

FundiKalibu
Hizo mbili za kwanza ni ndugu kwa sura. Hazina kamba, zina lastiki ubavuni na kitanzi cha kuvutia. Umbo lenyewe ni la London: lilitokana na J. Sparkes-Hall, fundi viatu wa Malkia Victoria, karne ya 19. Australia ililipenda kwa sababu ya kazi. Mchunga ng'ombe aliye juu ya farasi hataki kamba ya kunasa vichakani wala kwenye kikuku cha tandiko, na mtu wa matope anataka kuvulia buti mlangoni bila kuinama.

Blundstone ni ya Hobart, Tasmania, tangu 1870. John Blundstone alikuwa mhamiaji kutoka Derbyshire, Uingereza. Namba 500, ile ya kahawia, ni ya miaka ya 1960, na ilikuwa buti ya kazi kabla haijaingia mikahawani. Tangu 2007 ushonaji mwingi umehamia Asia, kwa hiyo ukiona lebo ya huko usidhani umeuziwa feki.

Reginald Murray Williams alizaliwa 1908 Australia Kusini. Ngozi alijifunza wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, kwenye milima ya Flinders, kwa fundi aliyeitwa Dollar Mick. Mwaka 1932 akaanza kazi Adelaide katika banda la baba yake. Mmoja wa wateja wake wakubwa wa mwanzo alikuwa Sidney Kidman, tajiri wa mifugo, aliyeagiza matandiko ya kubebea mizigo. Ukilijua hilo, buti yake unaielewa upesi, maana imeshonwa kwa akili ya mshona matandiko.

Ishike Craftsman, buti ya R.M. inayojulikana zaidi, uizungushe taratibu mkononi. Sehemu yote ya juu ni kipande kimoja cha ngozi, na mshono wa kukiunganisha uko nyuma tu, kisiginoni. Ukipitisha kidole mbele hadi ubavuni hukutani na mshono mwingine ila ule unaoshika lastiki. Mishono ikiwa michache, maji na miiba hupungukiwa na pa kuingilia. Ila kipande kikubwa namna hiyo lazima kitoke mahali pasipo na kovu la waya wala alama ya kupe, na sehemu ya bei inatoka hapo.

NyayoNgumu
Naongezea kuhusu soli, maana tofauti kubwa iko chini.

R.M. ina ukanda mwembamba wa ngozi unaoizunguka, ambao mafundi huuita welti. Sehemu ya juu imeshonwa kwenye ukanda, na soli nayo imeshonwa kwenye ukanda huohuo. Soli ikilika, fundi anafumua mshono wa chini, anaweka mpya, na sehemu ya juu haiguswi. Kisigino kinabadilishwa peke yake. Lastiki ikilegea nayo inabadilishwa.

Blundstone 500 soli yake imeumbwa kwenye kalibu na kushikamanishwa moja kwa moja na sehemu ya juu. Ni nyepesi, inabonyea vizuri, na kwa kusimama kutwa juu ya sakafu ya saruji inaishinda R.M. yenye soli ya ngozi. Ikilika, basi imekwisha. Hakuna ukanda wa fundi kushonea.

Mzee wa Marobota
Na anayeikuta kwenye mitumba? Juu ngozi inang'aa, halafu mteja anarudi baada ya siku mbili soli imemeguka kama biskuti.

NyayoNgumu
Hiyo inajulikana, mzee wangu. Soli ya namna hiyo huwa na tabaka laini la poliurethani, aina ya plastiki yenye povu. Unyevu wa hewani huivunjavunja taratibu kutoka ndani, na joto linaharakisha. Buti iliyofungiwa kwenye boksi au plastiki kwa miaka inaweza kuoza soli hata kama haijavaliwa mara moja. Kabla ya kununua fanya hivi: bonyeza ukucha ubavuni mwa soli, juu kidogo ya sehemu ngumu inayogusa ardhi. Ukucha ukiacha shimo lisilorudi, au ukaona unga, au pananata, iache. Kisha ikunje mbele vidole vinapopinda na uangalie kama kuna nyufa. Kiwi haisaidii hapo, na gundi itashika unga tu.

DadaSufu
Ugg nayo msiipite haraka, kwa sababu jina ndilo linalowapoteza wanunuzi.

Kwa Waaustralia ugg ni aina ya kiatu, kama sisi tunavyosema ndala. Wanaoteleza mawimbini kwa ubao walizivaa miaka ya 1960 kupashia miguu joto wakitoka majini. Shane Stedman alisajili jina UGH-BOOTS kama alama ya biashara huko Australia mwaka 1971. Brian Smith akazipeleka California mwaka 1978, na kampuni yake ikanunuliwa na Deckers ya Marekani mwaka 1995. Deckers ilipowabana watengenezaji wa Australia, kampuni ndogo ya Australia Magharibi, Uggs-N-Rugs, ilipinga usajili wa UGH-BOOTS, ambao sasa ulikuwa wa Deckers, na ikashinda mwaka 2006. Ndani ya Australia mtengenezaji yeyote anaruhusiwa kuziita ugg. Nje ni hadithi nyingine: mwaka 2025 kampuni ya Ugg Since 1974, ya mji wa Gold Coast huko huko Australia, ilibidi ijiite Since 74 kokote nje ya Australia na New Zealand. Naona ni uonevu, lakini ndivyo alama za biashara zilivyo.

Kwa hiyo UGG kwa herufi kubwa ni chapa ya Kimarekani. Ukitaka iliyoshonwa Australia, tafuta pembetatu ya kijani yenye kangaruu wa dhahabu. Maneno "ngozi ya kondoo wa Australia" yanakwambia kondoo alitoka wapi tu.

Kuijua ya kweli, panua sufu kwa vidole viwili mpaka chini. Ukiona ngozi na nywele zimeota humo, ni yenyewe. Ukiona kitambaa kilichofumwa, sufu imebandikwa. Ikibaki shaka, chomoa nyuzi chache uziunguze: sufu hunuka nywele na kuwa majivu, poliesta huyeyuka na kuganda kidonge.

Mkaguzi wa Soli
Na saizi, wakuu? Namba zinanichanganya.

FundiKalibu
Blundstone na R.M. hutumia namba za Kiingereza, kwa wanaume namba moja chini ya zile za Marekani. Saizi 8 ni takriban 42 ya Ulaya. R.M. ina pia herufi za upana: G ni ya kawaida, H ni pana. Mguu mpana usikimbilie namba kubwa, chukua H ya namba yako. Ngozi itapanuka ubavuni lakini haitarefuka, hivyo vidole vikigusa mbele dukani, vitagusa daima. Kisigino kuinuka kidogo siku za mwanzo ni kawaida.

DadaSufu
Ugg chukua inayobana kidogo, maana sufu hulala. Vaa bila soksi. Na usiitegemee mtaani siku ya mvua: ngozi yake hunywa maji na hubaki na madoa. Ikilowa, jaza karatasi ndani, iache kivulini. Jua kali au hita huifanya ngozi kuwa ngumu kama kibao, na hairudi.

NyayoNgumu
Kwa matumizi uliyotaja, mkuu, kazini vaa Blundstone, uivae mara kwa mara badala ya kuiweka akiba. R.M. inagharimu zaidi ya mara mbili, kwa hiyo inunue kama tu kuna fundi wa kuibadilisha soli karibu nawe, na kwa lami yenye maji uchague Comfort Craftsman, ambayo soli yake ni ya mpira. Ugg ibaki nyumbani.